Mkono wa Mwanga, Mkono wa Giza

Kwa miaka kumi na moja kazi ya Mama Sahani ilikuwa kuchoma viumbe wadogo kwa miale hadi wakaribie kufa, kisha kuhesabu ni wangapi waliopona. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa maabara kwa sababu ya visahani vya kioo alivyoviosha, kuvichemsha na kuvijaza rojorojo ya kuoteshea viumbe hao kila asubuhi, mia mbili kwa siku ya kawaida. Hakulichukia. Alisema afadhali kuitwa kwa kazi ya mikono yako kuliko kuitwa kwa umbea wa majirani.

Viumbe wenyewe aliwaita kijani, basi. Ni bakteria wa rangi ya kijani-buluu, wale wanaoufanya ukuta wa tangi la maji uteleze. Mtafiti, mwanamke mkimya aliyeongoza maabara ile, alitaka kujua wanawezaje kukaa juani kutwa bila kuharibika, ilhali jua lina miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, inayopenya ndani ya chembe hai na kuiharibu DNA yake.

Siku moja wakinywa chai Mtafiti alimweleza. Alisema DNA ni kama zipu ndefu sana. Miale ikiipiga, meno mawili yaliyo jirani hugandana, na zipu haifunguki tena pale. Chembe isiyoweza kufungua zipu yake haiwezi kujinakili, na ikijilazimisha inakosea, na kosa likizidi linakuwa ugonjwa. Kijani wana njia mbili za kujitengeneza. Ya kwanza ni kama mkasi: hukata kipande kilichoharibika na kushonea kipya. Ya pili ni kama ufunguo: kuna kimeng'enya kinachojipachika juu ya meno yaliyogandana na kusubiri mwanga wa buluu. Mwanga ukifika, meno yanaachana papo hapo.

"Binadamu tuna mkasi tu," Mtafiti alisema. Simu yake ikaita, akatoka nayo nje, na mazungumzo yakaishia hapo. Nusu ile ya maelezo ndiyo iliyomponza Mama Sahani, ingawa si haki kumlaumu aliyepigiwa simu. Mtu mzima anayebaki na nusu ya jambo ana mdomo wa kuulizia nusu ya pili.

Lakini yeye hakuona haja ya kuuliza, kwa sababu alikuwa ameona kwa macho yake. Kila Jumanne aliwaweka kijani chini ya taa kali ya miale, dakika chache tu. Nusu ya visahani alivifunga kwa karatasi ya alumini, akaviandika G kwa kalamu ya wino usiofutika, akavipeleka rafu ya giza. Nusu nyingine aliviandika M, akaviweka rafu ya mwanga, nyuma ya kioo kizito, chini ya mirija ya taa ya buluu. Baada ya siku tano vile vya G vilikuwa na madoa mawili matatu, vya M vimejaa kijani kibichi kama zulia. Miaka kumi na moja, na haikuwahi kutokea vinginevyo hata mara moja.

Nyumbani alikuwa na binti wa miaka tisa aliyezaliwa na mkasi mbovu.

Ndivyo alivyoelewa Mama Sahani pale hospitali walipomweleza kwa nini mtoto alikuwa akivimba uso kwa dakika tano za jua, kwa nini akiwa na miaka mitatu alikuwa na madoa ya bibi kizee mashavuni. Mwili wake haukuweza kukata na kushona kilichoharibiwa na jua. Kila mwale uliompata ulibaki ndani yake kama deni lisilolipika. Dawa hakuna. Kuna kujificha tu.

Basi walijificha. Vyumba vyao viwili vilikuwa na madirisha yaliyobandikwa plastiki nyeusi ya vioo vya magari, na juu yake blanketi. Mlango ulikuwa na pazia mbili, na sheria ya nyumba ni kwamba ya pili haifunguliwi kabla ya ya kwanza kufungwa. Mumewe alikuwa amekufa mtoto angali tumboni, kwa hiyo aliyekaa na mtoto mchana ni dada yake Mama Sahani, ambaye mtoto alimwita mama mkubwa, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, aliyekuwa akisema mtoto huyu analindwa kuliko benki. Watoto wa mtaa walimwita Popo kupitia tundu la mlango. Mama yake alilia siku aliyosikia. Mtoto akalichukua jina lile akalifanya lake. "Kwani popo ana ubaya gani, mama? Anaruka. Wao wanaruka?"

Popo alichora. Alichora mtaa ambao hakuwahi kuuona kwa jua, akiufuata mdomo wa mama mkubwa: duka la fundi cherehani, mtaro, mbuzi mwenye pembe moja. Mama mkubwa alipenda kutia chumvi, kwa hiyo kwenye michoro ile mtaro ulikuwa mpana kama mto na fundi cherehani ana kitambi cha tembo. Ukuta mzima wa chumba cha pili ulijaa mtaa huo.

Kisha kikaota kitu kwenye ukope wa chini wa jicho lake la kushoto, kidogo kama punje ya mtama, kikakua.

Daktari wa upasuaji alikitazama kwa lenzi na hakuzungukazunguka. Alisema ni saratani, kwamba katika ugonjwa huu huja mapema, na kwamba zamu ya upasuaji iliyo wazi ni baada ya wiki kumi, maana chumba ni kimoja na wagonjwa ni wengi. Kama mambo yangeenda vizuri angekata kidogo, apandikize ngozi ya paja, na jicho libaki. Wakati huo mtoto asiguswe na mwanga wa jua hata wa kubahatisha.

Wiki kumi. Mama Sahani alirudi kazini akiwa nazo kichwani kama jiwe. Punje ya mtama kwa wiki kumi inakuwa nini? Alikwenda mara mbili kuomba zamu isogezwe, mara ya pili akapiga magoti mbele ya karani wa vitanda, karani akamwambia kwa upole ainuke, kila anayesubiri hapo ana mtoto au mama. Jioni hiyo akiwa anafunga maabara alipita stoo, na ndani ya boksi akaiona mirija ya zamani ya rafu ya mwanga, iliyowekwa kando baada ya kununuliwa mipya. Akasimama. Mkasi wa mwanangu ni mbovu, alijiambia, na ufunguo hatukuzaliwa nao, lakini ufunguo ni mwanga, na mwanga nimeuona ukifufua wafu kwa miaka kumi na moja.

Alichukua mrija mmoja na kishikio chake, akauzungushia taulo. Hakumwambia Mtafiti. Alijiambia ni kuazima. Mtu anayeazima bila mwenyewe kujua anajua vizuri jina la alichokifanya.

Kwa haki yake, hakuuelekeza jichoni. Kazi ilikuwa imemfunza kwamba usiamini kitu mpaka uwe na cha kulinganisha nacho. Akaamua kujaribu kwanza kwenye mikono. Mkono wa kulia wa Popo ulikuwa na madoa mengi zaidi kidogo, ukawa wa mwanga. Wa kushoto ukawa wa giza. Akaandika kwa kalamu ileile ya maabara, M kwenye kiganja kimoja, G kwenye kingine. Kila siku saa kumi na moja jioni, mama mkubwa akiwa sokoni, Popo alifunikwa uso na mwili kwa shuka nzito, mkono wa kushoto ukafungwa kwa karatasi ya alumini, wa kulia ukawekwa chini ya taa dakika kumi. Kisha Mama Sahani aliandika kwenye daftari: siku, dakika, rangi ya ngozi ya kulia, rangi ya ngozi ya kushoto.

"Inatekenya," Popo alisema chini ya shuka siku ya kwanza.

"Ni dawa ya mwanga. Usimwambie mama mkubwa, tutamshangaza ukipona."

"Nikipona nitakwenda kumwona yule mbuzi?"

Mama yake akasema ndiyo. Kumwahidi mtoto mgonjwa kitu usicho nacho ni ukatili, hata ukifanywa kwa sauti laini.

Wiki ya pili mgongo wa mkono wa kulia ukawa mwekundu. Aliandika: "Joto kidogo. Labda unajitengeneza." Wiki ya nne ngozi ilipasuka karibu na kidole cha shahada, kikatokea kidonda chenye ukingo mgumu. Mkono wa kushoto ulikuwa vilevile kama siku ya kwanza. Hapo hakuandika labda. Aliandika kulia kidonda, kushoto salama, akafunga daftari na kuirudisha taa chini ya kitanda. Kama ingekuwa visahani angemwita Mtafiti na kumwonyesha: tazama, jibu limetoka. Jibu lilikuwa limetoka kweli. Jicho lilikuwa limenusurika na taa ile kwa sababu ya uangalifu wake, na mkono ulikuwa umeliwa kwa sababu ya kutouliza kwake.

Kidonda hakikufunga. Ikabidi wampeleke kwa daktari, Popo akiwa ndani ya koti refu, glavu, miwani myeusi na kofia yenye kitambaa kilichofika kifuani. Daktari aliugeuza mkono huku na huku, akaulinganisha na wa pili.

"Huu umepigwa na mwanga. Wa kushoto haukupigwa. Imekuwaje?"

Hapo ndipo Mama Sahani alipotenda jambo ambalo simulizi hii haimtetei kwalo. Taa ilikuwa kosa la mtu aliyekata tamaa. Hili la sasa alilifanya akijua.

"Ni mtoto, daktari," alisema. "Nikiwa kazini anatoroka. Anapenyeza mkono nje ya pazia, anatoka mpaka mlangoni. Dada yangu naye husinzia, hawezi kumwangalia kila dakika."

Popo alimgeuzia mama yake uso. Nyuma ya miwani ile macho yake hayakuonekana.

Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza, bila ukali, kwamba ngozi ya kupandikiza ukopeni inataka miezi sita ya ulinzi usio na mwanya. Kwa mtoto anayetii angejaribu. Kwa mtoto anayetoka nje ingekuwa kumfungua mara mbili bure. "Kwa hiyo sitajaribu. Zamu ikifika nitatoa jicho lote, nimalize." Akaandika kwenye faili, na Mama Sahani akayasoma maneno yale yakiwa bado na wino mbichi: Mtoto hutoka juani.

Walipofika nyumbani, pazia ya kwanza ikafungwa, ya pili ikafunguliwa, kofia ikatoka.

"Mama," alisema, "nilitoka lini?"

"Nyamaza kwanza, mwanangu. Nitakueleza."

Hakumweleza. Popo akamgeukia mama mkubwa, aliyekuwa akichambua mchele. "Mama mkubwa, eti nilikuwa natoroka ukiwa umelala. Daktari ameandika."

"Mimi nilale?" mama mkubwa akacheka. "Mimi hata paka wa jirani akipita hapo nje najua katoka kwa nani." Kisha akamtazama mdogo wake usoni, kicheko kikamkauka. Kwa wiki mbili zilizofuata nyumba ile, iliyokuwa imezoea maneno yake, ilibaki na sauti ya sufuria tu. Popo hakuchora. Alisema kidole kinauma, na kilikuwa kinauma kweli, lakini si hicho tu.

Mama Sahani alikonda. Kila asubuhi aliamka na hesabu ileile: akisema kweli, atajulikana kuwa mwizi wa maabara na mchomaji wa mwanawe, asiposema, mtoto atatolewa jicho kwa kosa ambalo hakulitenda. Mizani hiyo haikuwa na ugumu wowote kwa mtu aliyesimama nje. Kwake ilichukua siku kumi na sita, na kila siku ile punje ya ukopeni ilikula kidogo.

Jumatatu ya tatu alikuwa akiosha kile kioo kizito cha rafu ya mwanga, kama alivyokiosha kila Jumatatu kwa miaka kumi na moja. Mtafiti alikuwa mezani kwake akiandika. Mama Sahani alijikuta akiuliza kioo hiki ni cha nini.

"Cha kuchuja. Hiyo mirija, hasa ile ya zamani, pamoja na buluu inatoa miale ya urujuanimno. Bila kioo unawachoma upya huku ukidhani unawatibu." Mtafiti aliinua kichwa. "Kwa nini unauliza leo?"

Mama Sahani alikiweka kioo chini polepole, akasema yote. Alisema akiwa amesimama, tambara la kuoshea likimdondokea maji miguuni. Alipomaliza, Mama Sahani aliuliza jambo moja tu: "Na kama ningeweka kioo?"

"Usingemuumiza. Wala usingemponya. Ufunguo uko ndani ya kijani, hauko ndani ya taa. Mwanga ni mkono unaouzungusha tu. Mtoto wako hana ufunguo huo. Mimi sina, wewe huna, hakuna binadamu anao."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza," Mtafiti alisema. Kisha akaongeza, "Na mimi sikurudi kumalizia. Hilo ni langu. Lakini la daktari ni lako, na usingoje kesho."

Akamtaka aache ufunguo wa stoo mezani. Mama Sahani akauacha.

Alipita nyumbani kwanza. Alichukua mrija ndani ya taulo lake, akachukua na daftari. Mbele ya dada yake na mbele ya mtoto alisema: "Popo hakutoka. Nilidanganya. Ni mimi." Mama mkubwa alikaa chini. Popo alisema, "Kumbe hukukosea tu," na huo ndio ulikuwa msumari, kwa sababu mtoto alikuwa amejipa matumaini kwa wiki mbili kwamba labda mama yake alikosea tu, na sasa tumaini hilo nalo lilikuwa limetoka mkononi.

Daktari alimsikiliza akiwa amesimama, glavu mkononi, foleni ikimsubiri.

"Siku ile ulikuwa na hakika ni mtoto. Leo una hakika ni taa. Nikuamini lipi?"

Mama Sahani akafungua daftari mbele yake. Siku ya kwanza, M dakika kumi, G hakuna. Siku ya pili, M dakika kumi, G hakuna. Kurasa tatu za mwandiko safi, ulionyooka, wa mtu aliyezoea kuaminiwa kwa namba zake. Daktari alizisoma hadi mwisho, hadi kulia kidonda, kushoto salama, akatazama tarehe, akajua kwamba siku ile alipodanganywa jibu lilikuwa tayari limeandikwa.

"Umeandika vizuri," alisema, na hakukuwa na sifa ndani yake.

Alisema angejaribu kuokoa jicho. Hakuahidi. Aliileta zamu ya Popo mapema kwa wiki moja, kwenye nafasi ya mgonjwa aliyekuwa amefariki, na Mama Sahani, aliyekuwa amepiga magoti kuomba wiki, aliipokea ile ya marehemu bila kuweza kushukuru.

Upasuaji ulichukua asubuhi nzima. Dada wawili walikaa kwenye benchi la ukumbini bila kugusana. Daktari alipotoka alivua kofia yake, na kwa hilo tu walijua. Uvimbe ulikuwa umepita nyuma ya ukope, umeshika jicho lenyewe. Alikuwa amelitoa. Kidonda cha mkono pia alikuwa amekikata, na kidole cha shahada hakitakunjika tena sawasawa.

Mama Sahani akamuuliza alichokuwa akikiogopa: kama angesema kweli siku ile ya kwanza, je? Na kidonda, ni taa?

"Sijui," daktari alisema. "Mwili wake ungeweza kuleta kidonda hicho wenyewe. Taa haikuleta nafuu, hilo najua. Na kuhusu zile siku, labda jicho lilikuwa limeshakwenda, labda halikuwa. Sina cha kulinganisha nacho."

Hakuna hukumu kali kuliko hiyo kwa mtu wa kazi yake. Hakuna hata mmoja aliyemkaripia. Maabara walimwacha aendelee na visahani. Jumanne iliyofuata wale wa M walichomwa, wakawekwa mwangani, wakaota kama zulia.

Popo alipozinduka alikuwa na bandeji usoni na nyingine mkononi, ndani ya chumba ambacho mama mkubwa alikuwa amekiziba madirisha kwa mablanketi ya wodi bila kumwomba mtu ruhusa. Aliomba maji. Kisha akauliza, "Kwenye faili wameandika nini?"

"Pumzika, mwanangu."

"Mama. Wameandika nini?"

Faili lilikuwa limetundikwa miguuni pa kitanda. Mama Sahani alilifungua. Ule mstari wa zamani ulikuwa umepigwa kalamu, na chini yake daktari alikuwa ameandika upya. Alisoma kwa sauti, kwa sababu mtoto alikuwa akimtazama kwa jicho moja na hakukuwa na pa kujificha:

"Mtoto hajatoka nje. Alichomwa kwa taa nyumbani, na mama yake."

"Soma tena," Popo alisema.

Akasoma tena. Mtoto alilala akisikiliza jina lake likisafishwa. Halafu akamwomba mama mkubwa karatasi na penseli. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa, kwa hiyo aliishika kwa wa kushoto, ule wa giza, ambao haukuwahi kuchora chochote. Mstari wa kwanza ulimtoroka ukaenda pembeni. Akaanza mwingine. Mama mkubwa alisogeza kiti akamwuliza anachora nini, kama ni yule mbuzi. Popo aliendelea kuchora, na mama yake, aliyesimama bado na faili mikononi, hakuthubutu kusogea karibu kutazama.